Fundi Aliyeniuliza Nini Kimebadilika

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu. Binti yake alinipigia simu, akanisalimu taratibu kama alivyolelewa, kisha akasema, "Papa alituacha jana jioni. Ni presha. Matanga iko kwetu, Mangobo. Mama amesema wewe ujulishwe kati ya watu wa kwanza, juu mulitumika kazi pamoja." Nilimshukuru, nikakaa kitandani na povu nusu ya uso. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikiwaaga watu wakubwa, wenye vyeo na picha ukutani. Huyu wa leo wengi wenu hamkumjua, na miongoni mwa waliomjua, wengi walimjua vibaya. Walimjua vibaya kwa sababu yangu, na hilo ndilo lililonikalisha leo kuandika.

Alizaliwa upande wa Yanonge, katika familia ya watu wa mto, lakini ujana wake aliumalizia Yangambi, kwenye kituo cha utafiti, ambako kazi yake ilikuwa kupima mvua kila asubuhi na kuiandika. Siku moja wataalamu walileta kompyuta za Linux za kuhifadhi hesabu hizo. Wataalamu wakaondoka, vitabu vikabaki, naye akavisoma vyote, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye mwenyewe. Vita vya mashariki vilipotuletea watu kwa maelfu kupitia barabara ya Mambasa na Bafwasende, alikuwa tayari anaishi hapa Kisangani, akitunza kompyuta za maduka na za shule mbili tatu. Parokia ilipounda kamati ya kuwatafuta waliopoteana njiani, tulimwita yeye. Mimi nilikuwa katibu.

Kazi yetu ilikuwa orodha. Anayetafutwa anaandikwa, aliyefika anaandikwa, na wenzetu wa Bafwasende, Isiro na Buta wanaongeza ya kwao kwa simu. Orodha hiyo ilikaa kwenye server ya kukodi, ile inayoitwa ya virtuel: kompyuta isiyo na mwili wake, kipande tu cha mashine kubwa iliyoko Ulaya, ambacho fundi wetu alikiendesha akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao, katika ofisi yetu nyuma ya ukumbi wa parokia. Nakumbuka wiki tulipotaka kuweka picha za watoto. Ilihitajika moduli, yaani kipande cha programu cha kuongeza uwezo huo, na moduli ikakataa kuingia. Kila alipoiweka, kazi ilifika katikati ikafa. Nilimletea karatasi nzima ya dawa nilizookota kwenye mtandao, nikamwambia azijaribu zote. Akazisoma, akazikunja.

"Papa," akasema, "mugonjwa haumupatie dawa tano mara moja. Akipona, hautajua ni gani ilimuponyesha. Na akikufa, vilevile."

Akarudi kwenye ujumbe wa kosa, akausoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza, kwanza kwa Kifaransa chake cha Yangambi, halafu kwa Kiswahili. Alipomaliza, akasema kwamba server yenyewe ndiyo inayoiua kazi, kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo na inajaa. Akaitengea sehemu ya diski isaidie kumbukumbu, akaanza upya, na moduli ikaingia. Jioni ile mama mmoja alimtambua mtoto wa dada yake kwenye picha, akapiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Fundi alikuwa anafunga mfuko wake aende nyumbani.

Alinipa nami jina na neno la siri la kuingilia, ili niandike matangazo. Akaniwekea sharti moja. "Mise à jour tutafanya pamoja. Mimi nikiwa hapa, na courant ikiwa ya kuaminika." Yaani programu zisipewe matoleo mapya bila yeye, wala siku umeme unapoyumba. Nikakubali kama mtu anavyokubali sharti ambalo halioni uzito wake.

Kisha mama yake akaugua, naye akapanda baleinière, boti ya mbao ya abiria, kwenda Yanonge. Siku ya pili ya safari yake, alinitembelea mwandishi mwenzangu kutoka Kinshasa. Nilitaka kumwonyesha kwamba sisi wa huku pia tunajua mambo. Nikaingia kwenye server mbele yake, na kama kawaida ikaniambia kwamba programu zake zina matoleo mapya. Nikaandika amri. Maandishi yakaanza kukimbia kwenye kioo, mgeni akasema, "Eh, ndugu yangu, kumbe wewe ni informaticien!" Nikacheka, nikajiona mtaalamu wa kompyuta kweli. Hatujafika mwisho, umeme ukakatika, mashine ya ofisini ikazimika, na ile kazi niliyoiamuru kwenye server ikakatikia katikati. Ilikuwa saa saba mchana na njaa ilikuwa inauma. Nikampeleka mgeni kula samaki na lituma, ndizi za kupondwa, karibu na maporomoko ya Wagenia, nikasahau.

Kesho yake orodha haikufunguka. Ukurasa ulikuwa mweupe, na mstari mmoja tu juu ukisema kwamba moduli ya kuzungumza na hifadhi ya majina haipo. Nikampigia fundi Yanonge, mtandao ukikwama na kurudi. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Papa, ni nini imebadilika?"

Nikamjibu, "Hapana kitu."

"Alors, basi, tujaribu kuiweka tena hiyo moduli." Akanitajia amri herufi kwa herufi, nami nikaandika. Server ikakataa, ikatoa mistari sita. "Nisomee yote, tangu ligne ya kwanza," akasema. Mstari wa kwanza ulisema wazi kwamba kuna kazi iliyokatizwa katikati na kwamba haitapokea nyingine hadi ile ikamilishwe. Niliuona. Niliuelewa. Nikauruka, nikamsomea kuanzia wa pili. Alihangaika nami saa nzima, akitafuta kwenye mistari mitano jibu lililokuwa kwenye ule wa kwanza niliokuwa nimeukalia. Mwishoni akasema angerudi haraka, mama yake akipata nafuu.

Kwenye kamati hali ilikuwa mbaya. Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa Butembo, muuzaji wa maharagwe kwa jumla, Mkatoliki wa misa ya kila siku, ambaye dada yake alikuwa bado njiani na watoto watatu. Alisimama katikati ya ukumbi, kitambaa cha kichwa kimelegea, akauliza, "Orodha inapoteaje siku zilezile fundi amepanda boti? Majina ya watu wetu iko kwa nani sasa?" Wote wakanigeukia. Pale ndipo nilipotakiwa kusema maneno matano tu. Nikasema, "Mimi si fundi, mama. Huyo ndiye mwenye kujua." Ijumaa, katika safu hiihii, nikaandika kwamba wako watu walioshika majina yetu mikononi na funguo mifukoni, na siku tunapowahitaji wako safarini. Sikumtaja mtu. Sikuwa na haja ya kumtaja. Nilijua kila anayesoma angemjua, na niliiona sentensi hiyo kuwa nzuri.

Wakati wa vita sentensi nzuri inaweza kumfunga mtu. Baleinière yake ilipofika ufukweni, wanaume wawili wa usalama walikuwa wanamngoja. Walimchukua yeye na kompyuta yake, wakamshikilia siku tisa, wakimuuliza ni nani aliyemuuzia majina ya wakimbizi. Nilimtuma mke wangu ampelekee chakula. Mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba nikionekana pale nitaharibu mambo, na hata wakati ninajiambia nilijua ninajidanganya. Padri ndiye aliyemdhamini akatoka.

Siku ya pili baada ya kutoka alikuja ofisini, amekonda, suruali imeshikwa kwa kamba. Aliketi kwenye kiti chake cha mbao, akafungua server, akaanza kusoma log, yaani daftari ambalo server hujiandikia yenyewe: amri gani, saa ngapi, na jina la aliyeitoa. Nilisimama nyuma yake. Jina langu lilikuwa pale kwenye kioo, na saa pembeni yake. Aliliangalia kwa muda ambao ningeweza kusali Baba Yetu. Bila kugeuka akasema, "Papa, niko na swali moja, si la polisi. Courant ilikatika mwanzoni ao karibu ya mwisho?"

"Karibu ya mwisho," nikasema.

"Bon. Hiyo ni vizuri. Haitakuwa kazi kubwa." Akaikamilisha ile kazi iliyokatika, akaweka moduli inayolingana na toleo jipya, na chini ya nusu saa orodha ikafunguka na majina yake yote. Akanawa mikono kwenye ndoo mlangoni, akaenda.

Mngedhani hapo ndipo nilipozungumza. Niliwaambia kamati kwamba fundi amerudi na ameitengeneza, basi. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Mwenye alificha, huyo ndiye anajua pa kutafutia," akasema, na watu wakaitikia. Kazi yake njema ikawa ushahidi dhidi yake, nami nikiwa nimekaa mezani na kalamu, nikiandika kumbukumbu za kikao. Orodha ilipofunguka tuliona kwamba dada wa mwenyekiti aliwahi kufika Bafwasende, siku zile ukurasa ulipokuwa mweupe. Wenzetu wa kule walikuwa wameliandika jina lake kwenye karatasi, wakingoja orodha irudi. Lakini alikuwa ameshaondoka, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba anatafutwa. Alipatikana miezi minne baadaye huko Isiro, na watoto wawili. Yule mdogo alikuwa amezikwa njiani kwa surua. Kama zile siku zingemwokoa, sijui. Nimejiuliza kwa miaka yote hii, na kutojua hakujanipunguzia kitu.

Maduka yakaacha kumwita fundi, moja baada ya jingine. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu Mangobo. Nilipopita juu ya toleka, baiskeli ya kukodi, alininyooshea mkono, "Papa, habari ya kazi?" nami nikajibu "nzuri" na kumwambia mwenye baiskeli aongeze mwendo. Wengi wetu tunadhani mtu kama yule hunyamaza kwa sababu ni mpole. Siku hizi nafikiri alikuwa ananipa nafasi. Aliniuliza mara mbili, kwa simu na uso kwa uso, na mara zote mbili aliuliza kwa namna ambayo ningeweza kusema ukweli bila kudhalilika. Ndivyo ufundi wake ulivyokuwa: kwake kosa lilikuwa kitu cha kutafutwa na kutengenezwa, na aliyelitenda ni mtu wa kusaidia kulipata. Sisi wengine, hasa vitani, tukishaona kitu hatukielewi, tunamtafuta anayekielewa ili tumshike yeye. Nimeona wauguzi wakishikwa hivyo, na waendesha mitumbwi, na mwalimu mmoja aliyekuwa na redio. Kila mara yuko mtu nyuma yao anayejua ukweli na ambaye ana njaa, au aibu, au mgeni wa kumpeleka kula.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Alhamisi nilikwenda kwenye kilio. Mjane wake alikuwa kwenye mkeka, nikapiga magoti nikamweleza yote, hata ule mstari niliouruka. Nilimuuliza kama mumewe aliwahi kumwambia. "Aliniambia tu courant ilikatika," akajibu. Nikaanza kuomba msamaha, akaninyooshea kiganja. "Mimi sikukuwa na mashaka naye, papa. Wenye walikuwa nayo ni wengine. Enda uwaambie wao."

Nikaenda moja kwa moja kwenye depo ya maharagwe. Mwenyekiti wetu wa zamani amezeeka, lakini bado anapima mwenyewe. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono ndani ya gunia. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. "Dimanche moja, kwenye misa," akasema polepole, "padri alisema tupeane amani. Fundi akaninyoshea mukono. Nikageuka." Akautoa mkono kwenye gunia, akaupangusa kwenye kitenge. "Na wewe, papa, ulikuwa benchi gani?"

"La nyuma yenu."

"Toka. Nafunga." Aliteremsha mlango wa chuma mbele yangu, akaelekea barabara ya Mangobo kwa miguu. Sikumfuata, na alichosema alipofika kwenye ule mkeka ni cha kwake na cha mjane.

Nimejifunza jambo moja na nimelijifunza kwa kuchelewa. Anayeficha kosa lake hukosea pale alipokosea, kisha hukosea tena kila siku anayoamka akanyamaza, na mwingine ndiye anayeishi ndani ya kosa hilo. Likiwa bado dogo, semeni. Semeni wakati aliyeumizwa bado ana masikio. Na ninyi mlioisoma safu ile ya Ijumaa mkaniamini: hakuuza jina la mtu yeyote. Orodha niliivunja mimi, yeye akaitengeneza.