Niliyemzika kwa Jezi ya Njano

Nianze na ujinga wangu, maana hata nikiuficha utaujua tu: nimemzika mtu nisiyemfahamu kwa jina la mdogo wangu. Nimemlilia, nimemtupia udongo, na wali wa msiba wake nimekula sahani mbili. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, kwa sababu huko mbele sina kichekesho. Na kama hutaki kuamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, tena mchana kweupe, tena sijaonja kitu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Mbinga wanasema kunitoa getini mpaka nyumba iungue. Kazi yangu yenyewe iko sebuleni: matangi manne ya vioo yenye mbuna, wale samaki wadogo wa miambani Ziwa Nyasa ambao watu wa mijini huwafuga wawatazame tu. Mama yangu mpaka leo anauliza, samaki asiyeliwa ni samaki gani? Mdogo wangu Damasi ndiye aliyekuwa akizamia kule Mbamba Bay na kuniletea. Mimi nilikuwa nawatambua: huyu aina gani, dume au jike, akae na nani bila kuuana. Nilisifika, bwana. Hata watu wa Dar wenye matangi ya maji chumvi walinitumia picha za samaki wa baharini kwenye simu, wale ambao mtoto, jike na dume kila mmoja ana vazi lake, nami nikawajibu nikiwa nimejilaza kwenye kochi.

Siri ya kazi ile ni moja: usiamini rangi. Kuna mbuna ambaye jike ni wa njano na dume ni karibu mweusi, na dume mnyonge hubaki na njano ya kike ili wakubwa wasimpige. Ukisoma rangi, umeliwa. Unatazama mdomo, meno, mapezi, mistari iko mingapi. Damasi akikosea nilikuwa namsema mpaka anakasirika: "Kaka, si uje uzamie mwenyewe basi!"

Siku moja alizamia, hakuibuka. Siku ya tatu tukapigiwa simu kwamba kuna mwili umeonekana ufukweni Ngumbo, mwanaume wa familia aende kumtambua. Nikaenda kwa gari la kukodi. Kwenye zahanati wakafungua mlango wa chumba. Kwenye meza kulikuwa na mtu amefunikwa shuka, na pembeni shuka limepanda, linaonyesha jezi ya njano. Damasi alikuwa na jezi ya njano, haikumtoka mwilini. Nje dereva anapiga honi: mvua inakuja, milima ile ikilowa hapandi, tutalala huku huku. Mimi nilale ugenini?

"Ndiye?" mhudumu akauliza.

"Ndiye," nikajibu, nikiwa bado mlangoni.

Shuka sikulifunua. Niamini, hata hatua moja ya kuingia ndani sikuipiga. Kwa kuwa alikuwa amekaa majini siku tatu, walitupa jeneza lililofungwa kabisa, na nyumbani hakuna aliyelifungua.

Baada ya arobaini nikaenda kuchukua vitu vya marehemu kwenye chumba alichopanga. Ndani ya begi, chini kabisa, nikaikuta jezi yake. Imefuliwa, imekunjwa. Nilikaa juu ya kitanda chake nikaitazama mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama naumwa. Unafikiri nilimwambia mtu? Niliichoma nyuma ya choo.

Jumapili iliyofuata mke wangu na watoto walikwenda misa ya pili. Mimi nikabaki, kisingizio changu kile kile, kubadilisha maji ya samaki. Nimeinama na mpira wa maji, nikasikia hodi.

"Karibu," nikasema bila kugeuka.

"Fundi, nimeleta wa kutambuliwa."

"Weka hapo mezani. Umemleta kwenye ndoo au mfuko?"

"Nimemleta kwa miguu."

Hapo ndipo nilipowaona mbuna. Mbuna akiona mgeni hukimbilia kwenye mawe, hiyo ndiyo tabia yake. Hawa wote, matangi yote manne, walikuwa wamekuja kwenye kioo, vichwa vimeelekea mlangoni, hakuna hata mmoja anayetikisa pezi. Nikageuka. Jezi ya njano.

Hakuwa wa kutisha. Alikuwa mkavu, mtulivu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye ofisi ya kata.

"Kaburi ni zuri," akasema. "Saruji hamkubania. Ila jina mliloandika silijui."

Nikauweka chini mpira wa maji. "Wewe ni wa wapi?"

"Ningejua, ningekuja kwako?" Akasogea. "Mama yangu bado ananibakizia ugali. Kila jioni anaufunika. Niambie mimi ni wa nani, niende. Si wewe ndiye mtambuzi?"

Nikamtazama, jamani, nikamtazama kwa nguvu zangu zote. Nikishika pua, nikihamia mdomoni, pua imenitoka. Nikirudi machoni, mdomo sina. Nikatazama miguu: kucha kumi, zote nzima. Damasi gumba lake la kushoto halikuwa na kucha, jiwe lilimwangukia tukiwa watoto. Kumbe ningefunua shuka upande wa miguu tu!

"Na Damasi?" nikamuuliza. "Huko umemwona?"

"Huko ni wengi, fundi. Wako amevaa nini?"

Sikujua.

Akaniaga kwa heshima, kisha akatoka. Hakuyeyuka wala nini. Komeo la geti nililisikia likifunguka, likafungwa.

Tangu siku ile samaki wote kwangu ni samaki mmoja. Matangi nimeyauza. Nilishuka tena Ngumbo, safari hii nikalala huko siku nne, nikiuliza ufukweni nani amepotelewa na mtu. Mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, akaniambia, "Wamepotea wengi, mwanangu. Huyo wako alikuwaje?" Na mimi cha kumjibu nilikuwa na kimoja tu: jezi ya njano. Akanitazama, akarudi kwenye usipa wake.

Kila Jumamosi mama yangu huenda kaburini na maua, akamsimulia "Damasi" habari za nyumbani, kahawa imechanua, nani kaolewa. Mimi namshikia mwavuli. Nikisema kweli namnyang'anya hata kaburi, maana ziwa halijamrudisha mwanawe. Nikinyamaza, yupo mama mwingine anafunika ugali. Nimenyamaza.

Basi wewe unayenisikia, ukiitwa kutambua mtu, ingia ndani, funua shuka lote. Honi ilie, gari likuache, ulale hata chini.

Nimemweleza mtu mmoja tu, jirani yangu Mama Gaudensia, nikitegemea aniambie niliota. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikamaliza, ndipo akasema: "Baba Eda, angekuwa samaki ungemwangalia vizuri."