Kicheko cha Mama Ndani ya Kompyuta

Sitaki mtu aniambie tena kwamba kilichofungwa ndicho salama. Sauti ya marehemu mama ilikuwa imefungwa vizuri sana, na ndiyo iliyoniponyoka.

Nilimrekodi kwa simu akisimulia walivyokuwa wakiteremka bondeni kufuata maji, kabla Newala haijapata mabomba. Simu ikaibiwa, lakini sauti nilikwisha kuihamishia kwenye kompyuta ya studio yangu ya picha. Baba haoni tena. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuja kukaa mbele ya ile kompyuta amsikilize mkewe. Hakuwa na starehe nyingine.

Programu ya kutunza faili niliinunua mwenyewe, ya kampuni isiyoruhusu mtu kuona ilivyoandikwa, mdogo wangu wa kiume akaninunia. Yeye ni fundi kompyuta Masasi, anatumia programu za wazi, ambazo yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa.

"Si hata mwizi anasoma?" nikamuuliza.

"Anasoma, dada, na matundu zinayo kama nyingine. Ila wanaochungulia ni wengi, tundu likionekana linatangazwa, linazibwa. Yako ni kama kisima cha pale nyumbani. Kina mfuniko na kufuli, panya akifia ndani mnakunywa tu."

Nikamwambia aache maneno mengi.

Asubuhi moja faili zote zikagoma kufunguka. Kirusi kilikuwa kimezifunga. Nikaipakata kompyuta hadi Masasi, mdogo wangu akahangaika nayo mpaka alasiri, asifungue hata faili moja. Kirusi kilipitia kwenye tundu la ile ile programu yangu. Watu wa nchi nyingine walikwisha kulilalamikia hilo tundu, wenye programu wakauchuna, na sisi tusio na pa kuchungulia tukaendelea kuwaamini.

"Ingekuwa ya wazi sauti ingepona?"

"Sijui, dada. Labda tungejua mapema."

Labda! Nililia palepale mbele ya wateja wake, wala sikuona aibu.

Ijumaa baba akaja akipapasa ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niwekee mama yako."

Nikamweleza. Sijawahi kujiona sina msaada kama siku ile. Akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kusimulia mwenyewe, kwa maneno ya mama yale yale: mteremko, foleni, mtungi uliovunjika. Alipofika pale mama alipokuwa akicheka, akanyamaza. Akasubiri kicheko kiishe, halafu akaendelea.