Namba 612 Yafika Toronto

Nilikwenda Toronto kwa sababu ya kipande cha bati chenye tundu juu na namba 612. Babu yangu, Ilunga Kasongo, alikivaa shingoni akichimba urani huku kwetu Katanga, urani ambayo Wamarekani waliitumia kutengeneza mabomu yao ya kwanza ya atomiki. Sasa kamati moja ya Toronto ilitaka kuwaenzi wafanyakazi wa kazi ile, Wakanada walioisafisha urani na Wakongo walioichimba. Kaka yangu alinicheka. "Mwalimu mzima unapanda ndege kwenda kushangilia bomu?" Nikamwambia bomu na lilaaniwe, mimi nakwenda kusikia jina la babu likitajwa. Alikufa akikohoa damu, na hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa anachimba nini. Nilimwahidi mama kwamba litatajwa, naye akanifungia kile kipande kwenye pindo la kitenge.

Addis Ababa, tulipobadilisha ndege, askari wa ukaguzi alikigeuzageuza mkononi.

"Hiki nini?"

"Babu yangu."

Akanirudishia upesi.

Toronto, treni mpya ya uwanja wa ndege ilinishusha kituo cha Weston kabla sijapata usingizi. Kamati ilinipangia kulala kwa Mama Odile, Mkongo mwenzangu aliyevuka miaka sabini, ghorofa ya tisa, dirisha likitazama mto Humber. Alinipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kama vile sijatoka nyumbani. Tulicheka mpaka macho yakajifumba pale pale kitini.

Asubuhi, tukiwa kwenye chai, nilifungua pindo nimwonyeshe. Mama Odile aliweka kikombe chini, akaingia chumbani, akarudi na picha iliyopauka. Mwanamume mwembamba, kifua wazi, bati shingoni. Namba 612.

"Hii namba iko ya papa yangu," alisema.

"Mama, kitabu cha mgodi kinasema ni ya babu."

"Kamati ilikatala jina ya papa. Banasema 612 iko na mwenyewe. Kumbe mwenyewe njo weye!"

Chai ilipoa. Baba yake, Mukalay, aliangukiwa na jiwe mgodini akafa, Mama Odile akiwa bado ananyonya, na babu yangu aliandikwa kazi mwaka huo huo. Ndipo tukaelewa wote wawili. Mtu alikufa, bati likapanguswa vumbi, likavishwa mwingine, na kitabuni akabaki aliyelivaa mwisho. Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Jina letu lilikuwa limekwisha kukubaliwa, na mama alikuwa anasubiri simu. Lakini nilikuwa nimekula bukari ya Mama Odile, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Saa nane mchana tulifika ukumbini, mtaa wa Agincourt. Katibu wa kamati alikuwa Bwana Nizar, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamweleza yote.

"Pole sana, mama. Lakini tumeshakubaliana: namba moja, jina moja. Orodha imeshachapwa."

"Chapeni nyingine."

"Watu wameshakaa, mama yangu. Na mimi ni katibu tu."

"Na babu alikuwa mchimbaji tu. Tutaona."

Saa tisa tulianza kwa kusimama kimya kwa ajili ya watu walioteketezwa na mabomu yale. Nilisimama kwa moyo wote. Kisha majina yakaanza, kwanza Wakanada waliovuta vumbi la urani viwandani, kila familia ikipigiwa makofi. Ilipofika zamu yetu, Bwana Nizar alisoma: "Namba 612, Ilunga Kasongo."

Nilisimama, nikamshika Mama Odile mkono nikamwinua. Babu alimsimulia mama jinsi kapita, msimamizi wao, alivyowaita kila alfajiri: yeye anataja namba, mtu anajibu kwa jina lake. Asiyejibu kwa jina hahesabiwi. Basi nikaita kwa sauti ya darasani, ile iliyonyamazisha watoto miaka thelathini.

"Mia sita kumi na mbili!"

Mama Odile akajibu. "Mukalay!"

Ukumbi ukageuka. Mtu wa mbele alinionyesha kwa mkono nikae. Sikukaa.

"Mia sita kumi na mbili!" niliita tena, na mwenyewe nikajibu, "Ilunga Kasongo!"

Bwana Nizar aliitazama ile orodha iliyochapwa. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika jina la Mukalay juu ya la babu. Nikadhani yamekwisha. Yeye akasogelea kipaza sauti na kuita, kwa Kiswahili, pole pole: "Mia sita kumi na mbili?"

Hakuna aliyejibu. Mimi na Mama Odile tulitazamana. Hata sisi hatukuwa tumejiuliza nani alilivaa bati lile kabla ya Mukalay. Bwana Nizar alisubiri, nasi tukasubiri naye, tumesimama.

Nyumbani Lubumbashi, kaka alinipokea na swali lake. "Haya, wamelitaja jina?"

Nikamwambia wametaja mawili. Niliondoka nikiamini namba ile ni mali yetu, kumbe sisi tulikuwa wa mwisho tu kuirithi. Bati sasa limetundikwa sebuleni kwa mama, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu: Mukalay, Ilunga Kasongo. Juu ya majina hayo nimeacha mstari mtupu, na mgeni akiniuliza mbona sijaujaza, namwambia aulize mgodini.