Kichwa cha Akiru Kibaki Juu

Siku moja kule Kakuma, mwanangu, niliambiwa jambo nikalimeza lote bila hata maji. Deng, Msudani Kusini tuliyepakana naye maduka, mtu mrefu kuliko nguzo ya stima, aliapa kwamba hospitali moja ya Lodwar ina mashine inayokunywa pumzi za wagonjwa mahututi ili iwashe taa.

"Stima ikipotea mji wote giza, wadi ile tu inawaka," akasema. "Unafikiri mwanga unatoka wapi, mzee? Wanainua mgonjwa kichwa, pumzi inateremka kwa mpira kama maji ya tangi."

Nikaamini. Na mimi ni msomi! Nilikuwa nimetoka tu kumaliza ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, na nilijiona nina akili ya kutosha kutawala Turkana nzima, ibaki nyingine ya kukopesha Uganda.

Ulikuwa mwaka wa 2012, kaunti bado hazijaanza. Hata wiki haikuisha, nyoka akamuuma Akiru, dada yangu mdogo, akiokota kuni. Tukampakia kwenye pikapu. Barabara ya Lodwar siku hizo ilikuwa na mashimo ya kumeza ngamia na mzigo wake. Nilimpigia porojo njia nzima asilale, naye akacheka kidogo, kisha kope zikaanza kumwanguka zenyewe.

"Kaka," akasema, "siwezi kumeza mate."

Hakusema tena. Nimeogopa mengi maishani, lakini kimya kile bado kinanifuata.

Hospitali wakampa dawa ya kupinga sumu ya nyoka, wakapitisha mpira mdomoni hadi kooni, wakamuunganisha na mashine ya kumpumulia. Halafu wakainua kitanda upande wa kichwa. Si ndivyo Deng alivyosema?

Jioni stima ikapotea. Lodwar ikazama gizani, lakini taa za wadi zikawaka. Nikasikia na mngurumo mzito. Nikajua hilo ni tumbo la mashine. Kifua cha Akiru kinapanda, kinashuka, na taa zinang'aa. Niliona kwa macho yangu dada yangu akigeuzwa mafuta ya taa. Muuguzi, Sista Nekesa, alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Nikashika mpini wa kushushia kitanda, nikazungusha mpaka Akiru akalala chali.

Koo lake likatoa sauti ya maji yanayochemka. Mashine ikapiga kelele.

"Nani ameshusha kitanda?" Sista Nekesa akaja mbio.

"Mimi. Mnamnyonya pumzi!"

"Baba, toka hapo!" Akakiinua upesi, akanawa, akavaa glavu, akafyonza mate na makohozi. Ndipo akanigeukia. "Sumu imemlegeza. Hamezi, hakohoi. Ukimlaza hivi, mate na vya tumboni vinapenya pembeni mwa mpira, vinaingia mapafuni na uchafu wake. Hiyo ni nimonia. Nyoka ameshindwa kumuua, wewe unataka kumalizia?"

"Na sasa?"

"Sasa tunangoja. Homa ikipanda tutajua."

Mwanangu, nilikitazama kipimajoto kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Nilinawa mikono mpaka alama za vidole zikataka kufutika. Mama alipofika kutoka Lorugum na kibuyu chake cha maziwa, akitaka kumlowesha Akiru midomo, nilimrukia mlangoni.

"Mama, hata tone!"

"Tangu lini binti yangu ananyimwa maziwa?"

Sista Nekesa akamwonyesha jinsi wanavyomsafisha kinywa kwa pamba yenye dawa: meno, ufizi, chini ya ulimi. Mama akaangalia, akaketi. Kila asubuhi walimjaribu kama anaweza kupumua mwenyewe, kwani mpira ukizidi kukaa kooni unakaribisha maradhi. Kila asubuhi hakuweza, nami nikatoka nje.

Homa haikuja. Kope ndizo zilizoinuka kwanza, kisha vidole, kisha pumzi yake mwenyewe.

Kwa hiyo ukimwuguza mtu wa mashine, nawa kabla ya kumgusa. Usimtie kitu mdomoni, hata kwa mapenzi. Kitanda ukikikuta kimeinuliwa, kiache. Ukikikuta kimeshushwa, ita muuguzi. Na hofu yako itoe kwa mdomo, uulize, isikutoroke ikaingia mikononi. Akuj, Mungu wetu, akujalie pumzi ndefu, na mtu wa kukuuliza unafanya nini kabla hujafanya.

Akiru alipotolewa mpira, sauti yake ilikwaruza kama changarawe. Nikainama nimsikie.

"Kaka, taa ni za jenereta. Iko nyuma ya ukuta huu, nilikuwa naisikia. Na wewe nilikusikia ukizungusha kitanda. Sikuweza kukwambia uache."