Fundi umeme alimwambia mama yangu azibe pengo la swichi kwa udongo

Wakuu, mwakeye. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi huku kwa Waha, ipokeeni hata kama mnasoma jioni.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza kwenye lugha mnivumilie. Kwenye ukweli sitelezi. Mengine nimeyaona mwenyewe, mengine kanisimulia mama, na mama yangu hatii chumvi ya ziada hata kwenye maharage.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kasulu mjini. Kwetu ni Kitahana, Kibondo. Mama anaishi kule na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu.

Umeme ulipokaribia kijijini, nguzo zilisimama muda mrefu bila waya. Mama akipita anaziangalia anasema, "Hizi nazo zinasubiri Yesu arudi." Waya zilipokuja alifurahi kama kapata mjukuu.

Tukatafuta fundi wa wiring. Akapatikana mmoja kutoka Kibondo mjini, watu wanamwita Injinia. Ana buti, ana tester mfukoni, ana Kiingereza cha kutosha kumnyamazisha mama. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimebanwa na sare za kwaya.

Sasa oneni alichofanya huyu mtu.

Sebuleni alichimba ukutani tundu refu la kulala, la kuingia boksi la 3x6, maana tulikubaliana swichi za taa zote zikae sehemu moja. Kwa wasiojua, boksi ni kile kikopo cha chuma kinachofukiwa ukutani, halafu uso wa plastiki wenye swichi unafungwa juu yake kwa skrubu mbili. Kuna boksi la mraba, 3x3, na kuna la mstatili, 3x6. Uso lazima ulingane na boksi, na ufunike tundu lote pande zote.

Siyo siri ya serikali hiyo. Ni kitu cha kwanza kabisa.

Siku ya kufunga, Injinia akaja na swichi ya uso mdogo, 3x3. Eti ndiyo iliyokuwepo dukani. Badala ya kusubiri au kwenda duka lingine, akachomeka kiboksi kidogo upande mmoja wa lile tundu kubwa, akafunga kiuso chake, na nusu nzima ya tundu ikabaki wazi pembeni.

Humo kwenye uwazi ndimo alimoacha maungio ya waya, kayafunga tepu iliyokwisha gundi. Juu yake kapachika kipande cha boksi la sabuni.

Wakuu, mimi nashona nguo. Kitambaa kikipungua ubavuni simwambii mteja apake udongo sehemu iliyobaki. Ninafumua. Na nguo haijawahi kuua mtu.

Mama aliliona lile pengo, si mjinga. Akamuuliza, "Na hapa?"

Akamjibu, "Hapo kazi yako sasa, mama. Mkija kusiriba nyumba ziba na hapo, itakaa fresh."

Hapa nisimame kidogo kwa watu wa mjini. Nyumba yetu ni ya tofali za udongo. Huku kwetu wakija wageni wa heshima ukuta unasiribwa upya: udongo, majivu na maji, unachota kwa kiganja unapaka kwa kiganja mpaka ukuta ung'ae. Ni kazi ya mwenye nyumba, na mama yangu kwa kusiriba hana mpinzani, wanawake huja kuangalia anavyomalizia kona. Mkono wake umeloa muda wote wa kazi.

Injinia ni mzaliwa wa huku huku. Kakulia nyumba ya kusiribwa. Ndiyo maana naumia zaidi, angekuwa mgeni ningesema hajui.

Basi. Mdogo wangu akapata mchumba, kijana wa Mabamba, na wakwe wakatuma salamu kwamba wanakuja kujitambulisha. Mama akachanganya udongo.

Akaanza nje, akaingia sebuleni, akafika kwenye swichi. Akang'oa kile kipande cha boksi la sabuni kwa sababu kilimchafulia ukuta, akachota donge bichi, akalisukumia ndani ya pengo kwa vidole.

Alichoambiwa ndicho alichofanya.

Anasema alisikia mkono unavutwa kutoka ndani ya ukuta. Hakuweza hata kupiga kelele. Uzito wake wenyewe ndio uliomwokoa, alianguka chali na mkono ukaachia.

Mdogo wangu alikuwa uani anapepeta mchele. Akasikia ndoo inabiringika, akaingia mbio anaita "Mawe! Mawe!", yaani mama kwa Kiha. Namsifu binti yule, maana pamoja na kuchanganyikiwa alizima meini swichi kwanza ndipo akamgusa mama. Jirani akatoa pikipiki, wakambeba katikati mpaka hospitali.

Mimi nilifika kutoka Kasulu nikiwa bado na futi ya kupimia shingoni, sikukumbuka kuivua. Nikamkuta mama kitandani, vidole viwili vimeungua, bega limeteguka. Mama yangu, aliyetulea kwa jembe na mkono huo huo, anashindwa kushika kikombe.

Mkidhani hasira yangu iliishia kwa fundi, hapana.

Shangazi yetu mmoja akaja kutazama mgonjwa, akakaa, akavuta pumzi, akasema hii si bure, kuna jirani hajaingiziwa umeme ana kijicho. Mwingine akadakia kwamba ni onyo, labda ile posa si ya heri. Yaani waya uko wazi ukutani, kila mwenye macho anauona, watu wazima wanamtafuta mchawi! Na wangeendelea hivyo posa ya mdogo wangu ingevunjika kwa ajili ya skrubu mbili. Nikawaambia shikamooni, asanteni kwa kuja, mgonjwa anataka kulala. Shangazi kaninunia mpaka leo na sijali.

Mama aliporudi nyumbani nikamwita Injinia. Alikuja, tena na buti zake.

Akaangalia ukuta, akasema, "Mama alitakiwa azime meini kabla ya kusiriba. Hiyo kila mtu anajua."

Nikamuuliza, "Ulimwambia?"

"Dada, mimi nilifunga taa, na taa zinawaka. Ile kava ni urembo tu."

Urembo! Nilitaka kumrukia. Nilishaanza kusema maneno ambayo moderator angeyafuta, mama akaniwahi. Alikuwa kaegemea mto, mkono umefungwa bandeji, sauti ya upole kabisa. Akamwambia kwa Kiha kwamba ni yeye aliyemwambia, "Ni wewe wambwiye, mwana wanje," yaani mwanangu. " Ulisema niweke udongo. Nimeweka."

Hakumlaumu. Alikuwa anajitetea! Mtu kaunguzwa nyumbani kwake, halafu yeye ndiye anayeeleza kwamba hakukosea maagizo. Injinia akaangalia buti zake. Pole hakuitoa, akasema atapita siku nyingine kurekebisha. Nikamwambia njia aliyojia anaijua.

Nikachukua karatasi nikachora lile tundu kama ninavyochora kola, nikapima urefu, upana na kina chake. Kibondo mjini muuza duka hata hakuiangalia, anasema "chukua yoyote, zote zinaingia." Hiyo lugha ndiyo iliyomlaza mama hospitali. Nikatoka.

Kasulu nikaingia duka la vifaa vya umeme na karatasi yangu na futi. Muuzaji akacheka, "Dada, unanunua swichi au unashona gauni?" Nikamwambia leo vyote ni kimoja, toa boksi la 3x6 na uso wake, na uviweke hapa mezani nivipime. Akaona sura yangu akavitoa. Nikahakikisha matundu ya skrubu yanakutana, na uso unazidi boksi kila upande.

Nikaenda na fundi mwingine nikamsimamia kama mtihani. Akazima meini, akakata yale maungio akayafanya upya kwa viunganishi vya skrubu, akaingiza boksi, akazungushia sementi badala ya udongo. Tukaiacha ikauke ndipo akafunga uso. Ukalala bapa ukutani, hata kucha haipiti.

Wakwe walikuja. Ukuta ulikuwa umesiribwa nusu, nusu umekauka na alama ya vidole vya mama, na mdogo wangu alikataa ifutwe. Mazungumzo yalienda vizuri, ndoa ipo.

Lakini wakuu, kilichonileta hapa ni hiki.

Jioni ile wageni walipoondoka giza likaanza kuingia, nikamwona mama anasimama, anakwenda jikoni, anarudi na mwiko wa ugali. Akasimama mbali kidogo na ukuta, akanyoosha mkono, akabonyeza swichi kwa mpini.

Nikamwambia, "Mama, sasa imetengenezwa, gusa tu iko sawa."

Akaniangalia akasema, "Hata ile ya kwanza mliniambia iko sawa."



Kwa hiyo ndugu zangu mnaojenga: kabla fundi hajachimba, kubalianeni size ya boksi na uso wake, mvione mkononi vyote viwili. Uso usipofunika tundu, kazi haijaisha, usipokee hata kama taa inawaka. Na yeyote atakayekwambia pengo la umeme linazibwa kwa udongo, msindikize mpaka barabarani.

Mafundi mliomo humu, njooni mnikosoe kama kuna nilipokosea kiufundi, nitapokea. Lakini zaidi nawaomba wenye wazazi waliowahi kupigwa na shoti: mliwarudishaje? Maana mama yangu aliisubiri hiyo taa kwa miaka, na sasa anaiogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe.