Mtaro wa Mama Niliuziba Mimi

Nimekosa. Sitaki kuzunguka. Watu wa kwetu wanasema mama yangu aliuawa na mvua, na wengine wanasema aliuawa na jirani aliyekata miti. Hawajui. Aliyemuua mama ni mimi, na siku anakufa nilikuwa nimekaa Kitale nakunywa chai.

Msiniulize jina. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Matisi, mtaa wa hapa Kitale, na mke wangu na watoto wawili. Nyumbani kwetu hasa ni Bungoma, juu kidogo ya Kimilili, pale shamba linapoanza kuinama kufuata mlima. Baba alipojenga, alichimba mtaro juu ya nyumba, ukakata shamba kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, ili maji ya mlimani yazungukie kando yaende mtoni. Baba alipofariki, mama aliulea ule mtaro kama mtoto wa mwisho. Kila Januari alishuka mle ndani na jembe, akatoa udongo na magugu mpaka sakafu yake ionekane.

Mimi nilikuwa namcheka. Mungu wangu, nilivyokuwa namcheka!

Mwanzoni mwa mwaka huu chifu aliita baraza. Msichana mmoja kutoka ofisi ya kaunti alikuja kutufundisha kujiandaa na majanga. Alisema tusafishe mitaro kabla ya mvua, tufunge vitambulisho ndani ya nailoni, kila boma lichague nyumba ya jirani ya kukimbilia, na tuweke filimbi karibu ya kuita msaada. Nilikuwa nimekuja nyumbani kusalimia, nikakaa mbele kabisa na viatu vyangu vya mjini. Nikainua mkono.

"Madam, hiyo mafunzo si ungepeleka Budalang'i kwa watu wa mafuriko? Huku kwetu janga ni moja tu, panya ya stoo."

Watu walicheka mpaka chifu akacheka. Wengine wakainuka wakaenda zao. Yule msichana aliendelea. Nilijiona mtu mjanja sana siku hiyo.

Mama hakucheka. Alipanga foleni, akapewa filimbi ya plastiki yenye kamba, akaivaa shingoni. Njiani nikamwambia, "Mama, sasa umekuwa refa?"

"Cheka tu," akasema. "Mimi nimeshaongea na Mama Nekesa. Maji ikikuja, naenda kwake."

Mama Nekesa si jina lake, lakini nitamwita hivyo. Ni mjane, nyumba yake iko kando yetu, juu kidogo kwenye mwinuko. Yeye na mama walikuwa marafiki tangu nikiwa mdogo.

Februari dada yangu alijifungua kule Bungoma mjini, mama akaenda kumlea kwa wiki tatu. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Nilikuwa nimechoka kumwona akilima kwa jembe na ng'ombe wa kuazima. Sisi wa Kitale tumezoea mashamba tambarare, trekta inashika mstari mmoja mpaka upeo wa macho. Basi nikaleta dereva wa trekta ninayemjua, tukapanda naye mpaka nyumbani.

Alifika kwenye mtaro akazima injini. "Mwalimu, hii kitu inanikatia shamba mara mbili. Nikigeukia hapa nitapinduka. Ikitolewa, napiga laini moja kutoka juu mpaka chini, na unapata mistari mingine ya mahindi hapo hapo."

Ningeweza kumwambia aache. Ningeweza kumlipa alime kipande cha chini tu. Nilisema, "Ziba."

Kazi ya miaka yote ya baba na mama ilifukiwa kabla ya saa sita mchana. Mistari ilishuka imenyooka, yote ikielekea jikoni kwa mama. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la walimu wenzangu. Wakanisifu.

Mama aliporudi, hata kikapu hakukitua. "Mtaro ya baba yako iko wapi?"

"Mama, si nimekulimia? Angalia kwanza hiyo mistari."

"Nimekuuliza mtaro."

Nikamwambia nitachimba mwingine likizo ya Aprili. Aprili ikafika, nikaenda harusi ya rafiki, halafu nikajisikia nimechoka, halafu shule zikafunguliwa. Huo ndio ukweli, hakukuwa na sababu kubwa. Wakati huo mvua ilikuwa imeanza, na mtu wa kijijini akanipigia simu kwamba mama ameonekana shambani anachimba mwenyewe. Nilikasirika! Si kwa sababu ni mzee. Nilikasirika kwa sababu ya watu. Nikampigia.

"Mama, unataka waseme nini? Mtu ni mwalimu mzima, mama yake anachimba kama kibarua? Unaniaibisha. Weka hiyo jembe chini."

Akaliweka chini.

Ilikuwa Jumamosi ya Mei, saa tisa alasiri. Kitale kulikuwa na mawingu tu. Nilikuwa na kikombe mkononi simu ilipolia.

"Papa," mama alisema, ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. "Maji inaingia jikoni. Inakuja na matope. Niende kwa Mama Nekesa?"

Aliniuliza! Mama mzima, aliyekuwa ameshapanga pa kukimbilia, aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kwamba mimi ndiye ninayejua.

"Usitoke, mama. Mvua hiyo itakupatia nimonia bure. Kaa hapo jikoni kwa moto, hiyo ni ya kupita. Inua tu unga isilowe."

"Haya, papa."

Nikarudi kwenye chai yangu. Sikumpigia tena. Hata sikumweleza mke wangu, kwa maana sikuona kama ni jambo.

Jikoni kwa mama kulikuwa kwa udongo, kama kwa wengi. Maji yalishuka na ile mistari yangu, yakagonga ukuta wa nyuma mpaka ukalainika, ukaangukia ndani. Mama alipuliza ile filimbi. Aliyeisikia ni Mama Nekesa. Alikimbia kwenye mvua bila viatu, akafukua kwa jembe, akaogopa kumkata, akaendelea kwa mikono mpaka wanaume wakafika. Walipomtoa alikuwa ameshaacha kupumua. Kamba ya filimbi ilikuwa shingoni, na filimbi yenyewe ilikuwa bado kwenye meno.

Nilipofika nyumbani, matope yalikuwa yamefunika kila kitu. Hakuna mtu aliyeuliza mtaro. Mahindi yalikuwa yamekua juu yake miezi miwili, na wengi hawakujua hata kama umezibwa. Nikashukuru kwa hilo. Mnasikia? Mama amelazwa chini ya shuka, na mimi nashukuru kwamba hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kama ilivyo kwetu, watu walikaa kuzungumza mambo ya marehemu na kuulizana kifo kimetoka wapi. Amu yangu akasimama. "Mwaka jana huyu mama wa hapo juu alikata mikaratusi yake yote. Hiyo miti ndiyo ilikuwa inashika maji. Kwa nini tunazungukazunguka?"

Macho yote yakamgeukia Mama Nekesa. Vidole vyake vilikuwa bado vimefungwa vitambaa kwa kufukua. Alinitazama mimi. Na mimi, mtoto wa marehemu, mtu aliyesoma, nilitazama viatu vyangu.

Tangu siku hiyo kijiji kilimtenga. Kundi la akina mama liliacha kumwita. Watoto walikatazwa kuchota maji kwake. Mtu akaingia akakata migomba yake, na hakuna aliyeuliza ni nani. Nilikuwa nayasikia haya yote kwa simu nikiwa Matisi, nikisema "lo, pole yake", kama mtu wa kupita.

Lakini usingizi ulinikimbia. Mvua ikigonga mabati natoka nje nasimama uani, mke wangu anadhani ni majonzi. Darasani ndiko kubaya zaidi. Nimefundisha mmomonyoko wa udongo miaka kumi na minne. Nimechora mitaro ubaoni kwa chaki, na mishale ya kuonyesha maji yanakokwenda. Muhula uliopita nilifika kwenye somo hilo, nikageuka ubaoni, na mkono ukakataa kuandika. Niliwaambia watoto wasome wenyewe.

Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani peke yangu. Nikachukua jembe la mama na koleo, nikatafuta mahali mtaro ulipokuwa, nikaanza kuchimba. Siku ya pili nikasikia hatua. Ni Mama Nekesa, ana jembe lake begani. Hakunisalimia. Aliingia upande wa pili akaanza kuchimba kunifuata.

Tulichimba mpaka jua likapanda. Mwisho nikashindwa. "Mama, kuna kitu nataka kukuambia."

"Ya trekta? Nilikuona."

Nikasimamisha jembe. "Uliniona? Na siku ile wanakusema, mbona ulinyamaza?"

"Mama yako alikuja kwangu ile wiki alirudi kutoka Bungoma. Alisema nisiambie mtu. Alisema, 'Huyu mtoto atarudi achimbe. Tusimwaibishe kwa watu.'" Akapangusa uso kwa leso. "Nikampa neno yangu. Sasa amekufa, nitarudisha neno kwa nani? Nilikuwa nangojea useme wewe."

Nililia mle mtaroni kama mtoto. Yeye aliendelea kuchimba.

Jumamosi hii nimewaita amu, ndugu zangu na mzee wa kijiji, na nimemwomba Mama Nekesa aje. Nitasimama niseme yote. Naogopa. Amu anaweza kunifukuza bomani, na dada yangu huenda asiseme nami tena. Ninaandika hapa kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma.

Wewe unayesoma, labda na wewe unakaa mahali ambapo mnasema majanga ni ya watu wengine. Toka nje leo hii, jua likiwaka. Panda juu ya nyumba yako uangalie maji yatapita wapi. Kama kuna mtaro, usafishe. Kama mzazi wako ana mahali amepanga kukimbilia, usimwambie akae. Na kama kuna mtu anayekubebea kosa lako na amenyamaza, usifikiri hajui. Anajua. Anakungojea useme.