Ekadashi ya Mama Kokila

Persis Mokeira ni Msabato wa Birongo, na kwa miaka mingi amempikia Mama Kokila, mjane wa Kihindi ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini Kisii. Wiki yake ya kwanza kazini alipika wali na dengu. Sahani ikarudi jikoni bila kuguswa.

"Nimezidisha chumvi, Mama?"

"Hapana. Leo ni ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi. Sili nafaka, sili kunde."

Akamketisha akamweleza. Mwezi ukikua una ekadashi yake, ukipungua una nyingine. Na siku ya mfungo hujulikana jua linapochomoza: siku ya mwezi linayoikuta ndiyo inayofuatwa. Mokeira, ambaye Sabato yake huanza jua likizama, aliona ajabu kidogo, lakini akashika. Siku hizo akawa anapika viazi kwa njugu, ambazo mfungo unaziruhusu. Ekadashi ikiangukia Jumamosi, alivipika Ijumaa mchana, akaviacha kwenye friji.

Mwaka jana macho ya Mama Kokila yalififia, asiweze tena kusoma kalenda ya ukutani. Mwanawe, Hitesh, akamwekea Mokeira kalenda ya Kihindu kwenye simu, awe anamsomea. Asubuhi moja simu ilionyesha kwamba ekadashi ni kesho, kwa hiyo Mokeira akakanda unga akaanza kupika chapati. Harufu ikamtoa mama chumbani.

"Mbona chapati leo?"

"Simu inasema kesho, Mama."

"Hata jamaa zetu Gujarat wanafunga kesho," Hitesh akasema, chapati mdomoni.

Mama Kokila akavuta kiti. "Mokeira, hebu soma. Siku ya kumi inaisha saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu asubuhi."

"Hizo ni saa za India, na sisi tuko nyuma yao kwa saa mbili na nusu. Hapa ilikuwa saa kumi na mbili, jua bado. Kwao jua lilichomoza likaikuta siku ya kumi. Kwetu limeikuta ya kumi na moja. Wao kesho, sisi leo."

Hitesh akaichukua simu. Kweli, ilikuwa imewekewa mji wa India. Alipoandika Kisii, ekadashi ikarudi nyuma siku moja.

Mokeira akaepua kikaango. Angeandaa meza mapema kidogo tu, mama angekula nafaka siku ya mfungo, tena kwa mkono wake yeye.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Teleka viazi, nasikia njaa."

Hitesh aliitazama chapati yake iliyobaki nusu, akaimaliza, akaenda dukani. Zile nyingine Mokeira alizifunga akaenda nazo Birongo jioni, wajukuu wakazila kwa chai.